Hatua Kumi na Mbili hadi kwa Mwalimu Eustaki

Kati ya mlango wangu na mlango wa Mwalimu Eustaki kuna hatua kumi na mbili. Sikuzipima mimi. Mimi ni muuza dagaa, sina kazi ya kupimapima viwanja vya watu. Alizipima yeye, siku aliyokuja kunieleza kwamba hewa ya moto hupanda, kwamba upepo wa Pito huvuma kutoka upande wangu kwenda upande wake, na kwamba kwa umbali wa hatua kumi na mbili moshi wa jiko langu unafika chumbani kwake bila kupungua. Nikamwambia, "Mwalimu, ungesema tu kwamba moshi unakukera." Akasema ndivyo alivyosema.

Alifundisha fizikia miaka thelathini na moja katika shule za sekondari za mkoa huu, akastaafu, akaja kukaa kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma hapa Pito. Kwa kuwa hakuwa tena na wanafunzi, akatufundisha sisi majirani. Shuleni alifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Kwetu alitumia Kiswahili, na akichangamka anaingiza Kifipa. Alisema ni huku kwetu ndiko alikogundua kwamba kanuni za fizikia hazikuwekwa kwa ajili ya mawe na magari. Ziliwekwa kwa ajili ya watu, na mawe yanazifuata kwa adabu tu.

Kila mtu mtaani alikuwa na kanuni yake. Mwenyekiti wetu wa mtaa, alisema, ni gesi. Gesi haina umbo lake, hujaza chombo chochote utakachoitia: mkalishe kwenye kibanda cha chai atajaza kibanda, mkalishe ukumbini atajaza ukumbi, halafu mpandishe kwenye mizani uone kama uzito umebadilika. Mama Maulida wa dukani alikuwa waya wa shaba, kwa sababu umeme hupita pale penye ukinzani mdogo, na kila mgeni aliyeingia mtaa huu, awe wa nani, aliishia kula kwa Mama Maulida. Kuhusu umbea alisema sauti husafiri haraka zaidi ndani ya kitu kigumu kuliko hewani. Kwa hiyo ukitaka habari ifike sokoni Sumbawanga kabla ya saa nne, mwambie mtu mwenye kichwa kigumu. Alinitazama aliposema hivyo. Nilimnunia siku mbili, na siku ya tatu akaniletea mbegu za maboga zilizofungwa kwenye karatasi ya mtihani.

Mimi alinipa kanuni ya inesha. Inesha, kwa maelezo yake, ni ubishi wa kitu: kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kani ya nje ije ikisukume. Nilistahili. Mume wangu alipofariki, mwanangu Flavian, anayepakua malori kule mpakani Kasesya, aliniita nikakae naye. Nikasema nitaangalia. Akaita tena, nikasema nitaangalia, mwisho akaacha kuita, na simu zenyewe zikawa za Krismasi na Pasaka. Mimi nikabaki na kiti changu cha mbao kando ya uzio wa minyaa, nikichambua dagaa wa Kasanga, kichwa huku, mkia kule, mchanga chini. Kuna siku nilichambua mpaka jioni bila kusema neno hata moja kwa mtu yeyote, na nilipokuja kumfukuza kuku nikashtuka kusikia sauti yangu.

Sasa nimseme Silvana.

Silvana ni mke wa Mwalimu, na zama zile alikuwa bado yupo. Mwanamke mrefu, mkimya, mkulima hasa. Mwalimu akitoa kanuni zake yeye alikuwa akiendelea na kazi yake, na mara chache alisema, "Eustaki, chakula kinapoa, na hiyo pia ni kanuni." Binti yao Victoria ameolewa Mwanza. Walikuwa wamebaki wawili, na nilikuwa nikiwasikia jioni wakibishana kwa sauti za chini kama redio iliyowekwa mbali.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi, mama yake Silvana alifariki huko Mpui. Tulikwenda wengi. Marehemu alikuwa bibi mwenye hasira, hilo kila mtu alilijua, lakini msiba ni msiba. Watani walikuwepo wakifanya kazi yao, mmoja amevaa viatu vya marehemu, mwingine anadai aachiwe kinu, na watu wanacheka huku machozi yanatiririka. Hayo ni ya watani. Mkwe wa kiume hayamhusu kabisa. Mkwe hukaa pembeni, ameinamisha kichwa, na jina la mama mkwe halitaji. Lakini mtu mmoja asiye na akili akasema, hebu Mwalimu naye atuambie neno. Mwalimu akasimama.

Akasema nishati haipotei, hubadilika umbo tu na kuhamia mahali pengine. Hadi hapo watu waliitikia kwa vichwa. Akaongeza: "Kwa hiyo zile hasira za mama zipo. Zimehamia kwa mmoja wenu hapa. Mtazamane vizuri."

Watu walicheka, na watani ndio waliocheka zaidi, maana hawakuwahi kuona mkwe akiwasaidia kazi. Silvana hakucheka. Kaka yake, Adolfu, alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimwona Mwalimu akikaa chini na uso wa mtu aliyekanyaga kitu bila kujua ni nini.

Silvana alimaliza msiba, akarudi Pito. Ulikuwa wakati wa kuinua matuta. Huku kwetu Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha, tunakata majani, tunayarundika, tunayafukia kwa udongo kuwa matuta ya mviringo, tunayaita intumba. Majani yanaoza humo ndani miezi yote ya kiangazi. Mvua za kwanza zikija Novemba tunayafumua, tunatandaza ule udongo mweusi na kupanda. Mwaka ule Silvana aliinua matuta shamba zima nyuma ya nyumba, peke yake, mengi na makubwa, yamepangwa kwa mistari. Tuta la mwisho alilifukia siku ya Jumatano. Alhamisi akanawa miguu, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda basi la Laela akashuka Mpui kwa kaka yake. Hakurudi.

Mwalimu alimpigia simu, haikupokelewa. Akaandika barua kurasa nne. Nikamwambia, "Mwalimu, hili si la barua. Nenda mwenyewe." Kila Mfipa anajua: mkwe akikosea ukweni huenda kwa miguu yake, husimama ukingoni mwa uwanja, huchuchumaa na kupiga makofi ya taratibu, na hainuki mpaka aambiwe inuka. Mwalimu alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alinijibu kwamba kuna kani za kugusana, kama mtu anavyosukuma mkokoteni, na kuna kani zinazofanya kazi kwa mbali, kama sumaku na msumari, na kwamba kuomba radhi ni ya aina ya pili. Uongo mtupu. Aliogopa. Mtu aliyetisha wanafunzi wa mkoa mzima aliogopa kuchuchumaa mbele ya shemeji yake.

Basi akawa analeta kigoda chake upande wake wa uzio kila jioni, mimi nikiwa kwenye kiti changu upande wangu. Alipika ugali mbovu, nikamfundisha. Alinisomea magazeti ya zamani aliyofungia vitabu. Alinitolea kanuni za watu wote waliopita barabarani, na mimi, ambaye nilikuwa sijacheka tangu nimzike mume wangu, nilicheka mpaka dagaa wakamwagika. Nilianza kuoga mapema. Nilianza kuchambua dagaa polepole ili kazi isiishe kabla hajaja. Najua ninachokisema na sitaki mtu anihurumie kwa hilo.

Novemba ya kwanza ilipofika, mvua ikanyesha, kila mtu akashika jembe kufumua matuta. Mwalimu hakugusa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Hayo ni ya Silvana. Nikiyafumua mimi nitakuwa nimekubali kwamba harudi." Halafu akasema, kwa kuwa mimi huenda mnadani Mpui kila mwezi na dagaa wangu, nimwambie Silvana hivi: matuta yake yapo, anamtunzia, hatayagusa mtu mpaka aje mwenyewe. Aliyarudia maneno hayo mara mbili, kama anayeniandikisha imla. Nikasema nitamwambia.

Mnadani Silvana alikuja kwenye turubai langu. Tukasalimiana, akauliza habari za Pito, halafu akiwa ameshika dagaa mkononi kama anawakagua akauliza, "Na shamba langu?"

Nikasema, "Limekuwa pori, dada."

Ilikuwa kweli. Majani yalikuwa yameota juu ya matuta mpaka kiunoni. Niliona uso wake ukijifunga. Mtu akiacha shamba la mkewe liwe pori wakati wa mvua, huku kwetu hilo halihitaji kutafsiriwa: amemwacha. Nilikuwa na muda wa kuongeza yale mengine. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikachota konzi ya dagaa nikamwongezea juu ya kipimo chake, na yeye akashukuru akaenda zake.

Jioni Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kabla sijashusha mzigo. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema, nimesikia."

Mnaona nilivyo. Hata uongo wenyewe niliuchagua mfupi ili nisiusahau. Naye lile neno moja alilibeba kama mtoto anavyobeba yai. Alilichunguza jioni ile yote: mtu anayesema nimesikia si kwamba amekataa, mtu aliyekataa hunyamaza. Mnada uliofuata akanituma tena, na baada ya huo tena. Kila mara nilisema shamba ni pori, nikaongeza konzi ya dagaa, nikarudi na ile ile nimesikia. Ikapita Novemba ya pili.

Kuna jioni moja ya baridi, mwezi wa sita, upepo unakata masikio, yeye amejifunga blanketi, akaniambia juu ya mvuto. Alisema kila kitu duniani huvuta kila kitu kingine, ila umbali hupunguza. Umbali ukiongezeka mara mbili, mvuto unabaki robo. Ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. "Lakini haufiki sifuri, Mama Flavian," alisema. "Hata mtu aende mwisho wa dunia, haufiki sifuri. Sembuse Mpui."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya dagaa. Nilifikiri juu ya hatua kumi na mbili. Mimi si msomi, lakini hesabu hiyo hata mimi niliiweza: kama Mpui unavuta vile, hatua kumi na mbili zinapaswa kung'oa mtu kwenye kigoda. Yeye hesabu hiyo hakuifanya. Alikuwa anatazama upande wa barabara ya Mpui, na mimi nikamwambia aingie ndani asije akapata kichomi.

Novemba hii iliyopita alibadilika. Siku mbili hakuleta kanuni yoyote. Mwenyekiti alipita na suti mpya na Mwalimu hakusema neno. Alhamisi jioni alikuja, hakukaa, akasimama ameshika minyaa kwa juu.

"Nimekosea jaribio," alisema. "Miaka miwili kipimo kinasoma kitu kile kile. Mwanafunzi wa kidato cha pili angejua kwamba kifaa kimekufa. Nimeongea na Ngeleja. Jumamosi ataleta maksai wake wapitishe plau, matuta yasawazishwe. Nitapanda alizeti, au nitaliuza."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo bila kukiri moyoni. Lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayechagua jeneza, na nikaona kwamba hata shamba likisawazishwa, anayekuja kukaa kwenye kigoda hatakuwa Mwalimu tena. Atakuwa mzee fulani tu anayesubiri giza. Nami ndiye niliyemfanyia.

Nikasema, "Sikumwambia."

"Hukumwambia nani?"

"Silvana. Kwamba unamtunzia matuta. Nilimwambia shamba ni pori, basi."

"Mara ya kwanza?"

"Mara zote."

Alifikiri kidogo. "Na ile nimesikia?"

"Niliitunga mimi."

Upepo ulikuwa unavuma. Nilitaka anitukane. Nina ulimi, ningemjibu, tungegombana kama watu, ingekuwa nafuu. Badala yake akauliza kwa sauti ile ya darasani, isiyo na hasira, "Kwa nini, Mama Flavian?"

Akatazama kiti changu. Akatazama ardhi chini ya kigoda chake, ilivyochimbwa vishimo vitatu na miguu yake kwa kukaliwa kila jioni. Akainua macho mpaka mlangoni kwangu, akayarudisha mpaka mlangoni kwake, taratibu, na nilijua anahesabu.

"Nilikuwa napima umbali wa Mpui tu," alisema.

Akaondoka. Asubuhi ya Ijumaa nilimwona kwenye tundu la dirisha akienda barabarani, amevaa koti lake la mahafali, mikono mitupu. Hakubeba barua.

Ya Mpui sikuyaona kwa macho, nimeyasikia kwa Mama Maulida, na habari zenyewe zilifika kabla yao kama kanuni ilivyosema. Alifika, akasimama ukingoni mwa uwanja wa Adolfu, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi. Adolfu alimwona, akaendelea kupukuchua mahindi. Jua likapanda. Mzee wa miaka sitini na sita, magoti mabovu, anapiga makofi na hakuna anayemwitikia, na watoto wa jirani wamepanga mstari kumtazama. Saa sita mchana ndipo Silvana alipotoka ndani akasimama mbele yake.

"Leo huna kanuni?"

"Sina," alisema. Akamwambia juu ya matuta. Akamwambia kwamba alimkosea mama, akalisema hilo kwa Kifipa, mbele ya wote.

Silvana akamwambia inuka. Hakuweza. Magoti yalikuwa yamekwama palepale, na ikabidi Adolfu mwenyewe aje amshike kwapa moja na Silvana kwapa la pili ndipo akasimama. Mama Maulida anasema hapo ndipo alipotoa kanuni, moja tu, juu ya kani ya nje, na kwamba Silvana alicheka. Mimi hiyo sehemu huwa naomba isirudiwe.

Walifika Jumamosi mchana. Ngeleja alikuwa ameshaingiza maksai mpaka kona ya kiwanja, wakamrudisha. Silvana hakuingia hata ndani. Alifunga kitenge kiunoni, akashika jembe, akafumua tuta la kwanza, na harufu ya ule udongo ulioiva miaka mitatu ilivuka uzio ikanifuata mpaka jikoni. Ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Yeye alifumua, Mwalimu alitandaza. Sikuwasikia wakizungumza. Nilisikia majembe mawili, moja linafuata lingine, mpaka jioni.

Jumapili baada ya misa Silvana alikuja kwenye uzio. Nilikuwa kwenye kiti changu, nikasimama. Aliinama kidogo, akapiga makofi ya salamu, yale kamili, tunayompigia mtu tusiyemzoea.

"Ndiyo maana ulikuwa unaniongezea dagaa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ni urafiki."

Nikasema, "Nisamehe, dada Silvana."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, ningeiona. Alikata kitawi kimoja cha mnyaa kilichochomoza upande wao, akakitupa chini.

"Nimesikia," alisema, akarudi shambani.

Maharage yao yameshatoa maua sasa. Jioni namsikia Mwalimu akimweleza mkewe kanuni ya mtu fulani aliyepita, na yeye anamwambia chakula kinapoa. Kigoda wamekihamishia barazani. Moshi wangu bado unaingia chumbani kwao, lakini hakuna aliyekuja kulalamika.

Usiku mmoja wiki iliyopita niliishika simu nikalitafuta jina la Flavian, nikalitazama, nikaizima. Kiti changu kipo palepale kando ya uzio. Nachambua dagaa haraka siku hizi, kazi inaisha jua likiwa bado juu, na nakaa na lile neno la Silvana.